Kamera Iliyowashwa Matangani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, haikuwa ya harusi wala ya kupata kazi. Ilikuwa Jumatatu ya mvua, hapa Nakuru, watu watatu walipopanda ngazi za karakana yetu wakiwa na diski ya kompyuta ndani ya mfuko wa unga. Nimekuwa nikikutazama na hiyo simu yako, ukibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo kabla hujasoma umeulizwa nini, na kila mara nawakumbuka. Kwa hivyo iweke chini kidogo. Haitakimbia.

Nilikuwa kijana kutoka Bahati, nimeajiriwa na Mama Nekesa, ambaye alitengeneza redio miaka mingi kabla ya kuhamia kompyuta. Yeye hakupenda maneno, nami nilikuwa nayo mengi, basi tulielewana. Watu walituletea diski zilizopatwa na ajali. Umeme umekatika, ukarudi kwa nguvu, ukachoma mashine. Wanaitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, na hiyo nyingine inawaambia kwamba diski haijafomatiwa, je, wangependa ifomatiwe? Sijawahi kusikia swali la uongo kama hilo. Diski imejaa pomoni. Ni mashine tu haijui kuisoma, na badala ya kusema sijui, inaomba ruhusa ya kufuta. Nimewajua watu wa namna hiyo pia, lakini tuyaache.

Wale watatu walitoka Gilgil. Mkubwa wao aliitwa Baba Wambui, mtu mrefu aliyevaa koti la kanisani siku ya kazi. Mwingine alikuwa Njoroge, mdogo wake. Wa tatu alikuwa Wambui mwenyewe, msichana aliyekuwa akisomea kompyuta katika chuo kimoja hapa mjini. Walikuwa wamemzika mama yake Wambui, mke wa yule mzee, wiki iliyotangulia.

Mama huyo alichuuza viazi vya Dundori kando ya barabara kuu. Jioni moja mvua ilimkuta akifunika magunia, na gari likamgonga. Halikusimama. Majirani walisikia kishindo, wakainua macho na kuona taa nyekundu zikielekea upande wa Nairobi, basi. Lakini ng'ambo ya pale palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na duka hilo lilikuwa na kamera iliyotazama barabara. Baadaye jioni ileile umeme ukayumba na kuunguza kisanduku kilichohifadhi picha za kamera. Mwenye duka, mtu mwema, akaitoa diski na kuwapa pamoja na pole zake. Afisa aliyeshika kesi alikuwa amewaambia wakimletea namba ya gari atakuwa na pa kuanzia. Kwa hivyo elewa walichobeba kwenye ule mfuko. Hawakuwa na shahidi mwingine duniani.

Mama Nekesa aliwapa viti, akawapa pole, kisha akauliza alichowauliza wateja wote.

"Nani ameigusa?"

"Huyu hapa," Njoroge akasema, akimwelekezea Wambui kidole. "Si tulimwamini juu anasomea hayo mambo? Akabonyeza format."

"Iliniuliza," Wambui akasema. Alikuwa akitazama viatu vyake. "Nilidhani ndiyo njia ya kuifungua."

"Wengi hudhani hivyo. Hiyo peke yake haimalizi kitu. Na baadaye?"

"Baadaye hakuna, mathe," Njoroge akajibu. "Nilinunua tu box ingine kama ile iliungua, nikajaribu jaribu nayo pale nyumbani. Ikakataa kuonyesha. Ndiyo tukakuja."

Mama Nekesa akaweka kikombe chake chini. Mimi sikuelewa kwa nini. Aliwaambia tutajaribu, warudi Jumatatu nyingine, na wasiwe na matumaini makubwa. Njoroge alishuka ngazi akimwambia yule msichana maneno ambayo hata mimi niliyasikia kutoka juu.

Tuliifanya kazi ile kwa utaratibu wake yeye. Diski yenyewe haikuguswa tena. Tulinakili kila kilichokuwemo, hata tusichokielewa, kisha tukaanza kutafuta ndani ya nakala. Ni kazi ya kuchosha macho na roho, lakini zikaanza kujitokeza picha. Siku zilianza kurudi moja moja: barabara, malori, na mwanamke mwenye kitambaa cha kichwa akipanga viazi mafungu mafungu. Nilishangilia kama mtu aliyefunga bao. Mama Nekesa hakushangilia. Alikuwa ameshafika mwisho wa zile picha, akanionyesha, nikaketi.

Waliporudi aliwaambia waziwazi, kabla hawajaketi. "Siku zake za mwisho zipo. Jioni yenyewe haipo."

Baba Wambui alifumba macho. Njoroge alimgeukia msichana. "Umeona? Umeona umetufanyia nini? Umemuua mama yako mara ya pili."

Mwanangu, nimesikia matusi mengi katika maisha yangu, mengine nimeyatoa mwenyewe. Hilo lilinitia baridi. Wambui hakulia hata. Alisimama tu, kama mtu aliyekuwa akilingoja.

"Si yeye," Mama Nekesa akasema.

"Ni nani basi?"

"Mlikuja kutafuta gari. Nimewaambia halipo. Chukueni picha za mama, mwende nyumbani."

"Nataka kuona," Baba Wambui akasema.

"Nitakuwekea zile za mwanzo."

"Zote, mathe. Nataka zote."

Mama Nekesa akaniashiria niwashe. Hazikuwa na sauti. Tulimwona marehemu akimwaga viazi kutoka kwenye gunia, akimfokea utingo mmoja aliyekanyaga fungu la viazi, akinunua chai, akifunga upya kitambaa chake. Baba Wambui alicheka kidogo puani, akasema, "Huyo ndiye yeye." Wambui akamsogelea. Kwa muda mfupi nilidhani tumewasaidia watu hawa.

Kisha wingu likafunga, barabara ikaanza kulowa, na picha ikakatika. Iliporudi hatukuwa Gilgil barabarani tena. Tulikuwa sebuleni kwao. Viti vya plastiki, wanawake wa kanisa wameshika vikombe, na mbele kabisa, ukijaza skrini, uso wa Njoroge.

Nikueleze jinsi ilivyokuwa, maana hakuna uchawi hapo. Visanduku vile vya kamera ukivipa diski huanza kurekodi papo hapo, bila kuuliza. Na diski ikijaa, hurudi mwanzo na kuandika juu ya picha za zamani. Ile ya duka ilikuwa imerudi mwanzo jioni ileile ya ajali. Njoroge alipoichomeka kwenye kisanduku chake na kukiunganisha na kamera aone kama kinafanya kazi, kilianza mwanzoni pia. Juu ya dakika za kifo cha shemeji yake kikaweka watu wa matanga wakinywa chai. Alichofuta Wambui tungeweza kukiokoa chote. Hicho cha pili hakuna mtu angeweza.

"Kwa hivyo ni wewe," Baba Wambui akasema.

"Ndugu yangu, nilikuwa najaribu kusaidia."

"Na mtoto wangu umemtukana tangu tuzike."

"Baba, wacha," Wambui akasema. "Hata mimi nilibonyeza. Mimi ndiye nilianza."

Hakumsikia. Alimwambia nduguye maneno ambayo sitayarudia mbele yako, na Njoroge akashuka ngazi akiacha kofia yake mezani kwetu. Hapo ndipo Mama Nekesa, ambaye hakuwa mtu wa kupandisha sauti, aliipandisha.

"Na mwenye gari? Tangu muingie hapa leo kuna mtu amemtaja? Alimgonga mama yenu, akaenda zake. Nyinyi mmebaki mkigongana wenyewe!"

"Mathe, fanya kazi yako," Baba Wambui akajibu. Akamchukua binti yake wakaondoka.

Ndugu wale hawakula pamoja tena. Mashamba yao yalipakana, lakini waliishi kama watu wa nchi mbili. Njoroge aliugua, akafa. Kwenye maziko kaka yake alisimama nje, karibu na lango, na hakutia udongo. Hayo nimeyajua kwa Wambui, ambaye alikuja hapa juzi juzi. Sasa ni mama wa watoto. Aliniuliza kama zile picha bado ninazo.

Ninazo. Mama Nekesa alipostaafu aliniachia karakana na akaniambia zile nisizitupe, nami nimekuwa nikizihamisha kila mara chombo kinapozeeka. Tukakaa, mimi na Wambui, tukazitazama mpaka kile kipande cha mwisho.

Safari hii hatukuwa tukitafuta namba ya gari wala mkosaji. Nikamwona Njoroge, nadhani kwa mara ya kwanza. Anapangusa kioo cha kamera kwa mkono wa shati, halafu anajipangusa macho kwa mkono uleule. Anashika waya, unamponyoka. Mwanamke mmoja anamletea chai, yeye anatikisa kichwa, anarudi kwenye waya. Mtu yule alikuwa akilia, mwanangu, huku akiharibu kitu alichokuwa akikiokoa. Siku ile tuliutazama uso wake ukiwa mkubwa kama dirisha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona machozi.

Wambui alimpelekea baba yake kipande hicho kwenye simu. Alikitazama, akaomba kukitazama tena. Kisha akauliza, "Walimzika mdogo wangu upande gani wa boma lake?" Hakuwa anajua. Boma linaonekana kutoka mlangoni pake.

Basi shika haya. Kitu kikiharibika, ondoa mkono kwanza. Usijaribu hiki na kile kwa sababu tu huwezi kukaa kimya na uchungu wako. Ukiambiwa na mashine, au na mtu, kwamba ndani hamna kitu, usiidhinishe kufuta. Na msiba ukikujia bila sura ya mkosaji, usiuvishe sura ya yule aliyeketi karibu nawe, kwa kuwa tu yeye anafikika. Yule dereva hajapatikana mpaka leo. Nimesali kwa ajili ya wengi, yeye bado sijaweza.

Mungu akupe mkono usioharakisha, na ulimi unaoweza kungoja. Akupe ndugu wa kukosea pamoja nao. Na akujalie uzione nyuso zao vizuri wakiwa bado wanapita mbele ya mlango wako.