Asubuhi za Kufundisha Miguu

Juma lililopita binti mmoja, mwuza vitenge pale Tunduma, alikuja mlangoni kwangu kunipa habari kwamba mama yake amefariki dunia. Aliingia kwa mwendo wake ule ule, akiinua goti la kulia juu zaidi ya la kushoto ili ncha ya mguu isiburuze chini. Nilimpa pole, kisha tukamzungumzia marehemu mpaka chai ikapoa. Mwendo wa binti huyo una historia, wasomaji wangu, nayo ndiyo historia ya mama yake.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa, nami nilikuwa mwalimu kijana huko Mbozi, jirani yao. Mama alikwenda Dar es Salaam kumtembelea kaka yake, akamchukua binti aliyekuwa bado hajaanza shule. Huko mtoto akakanyaga msumari, akapata pepopunda. Mwili ulikakamaa hadi kifua kikashindwa kupanda na kushuka, ndipo madaktari wakamwekea mashine ya kupumulia, akaishi nayo kwa majuma kadhaa. Siku ilipoondolewa, akavuta pumzi mwenyewe, mama alilia kwa furaha. Kisha akaona kwamba mikono haishiki kitu na miguu imelegea, hata kidole hakitikisiki. Daktari alimweleza kuwa ugonjwa mzito namna ile huweza kuumiza mishipa ya fahamu, ile inayopeleka amri kwenye misuli. Huenda ikapona polepole, alisema, lakini hakuahidi. Akamwonyesha jinsi ya kukunja na kunyoosha viungo vya mtoto kila siku, visije vikaganda.

Alirudi kwa treni, amembeba mgongoni mtoto aliyeondoka anakimbia. Kijijini maneno yakaanza. Shemeji yake, aliyekuwa na sauti katika ukoo baada ya mume kufariki, alishikilia kwamba mashine ndiyo iliyonyonya nguvu za mtoto, akataka apelekwe kwa mganga ng'ambo ya mpaka. Mama alimjibu kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kinyiha, bila kupandisha sauti: “Shemeji, mashine ilimpumulia tu. Miguu ni ya kwake, na bado anayo.” Kila asubuhi akatandika mkeka kando ya vichanja vya kuanikia kahawa, akaanza: goti, kisigino, vidole, mkono mmoja, na wa pili. Mtoto alilia, akazoea, akawa anaimba.

Shida ilikuwa kwamba asubuhi ndiyo saa ya shamba la kijiji. Alipokosa mara nyingi, aliitwa mkutanoni. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mpole lakini mshika taratibu, alimkumbusha kwamba kazi ya kijiji ni ya wote. Mama akasimama.

“Ni kweli, ndugu balozi. Na mtoto huyu ni wa nani?”

Balozi akasema kazi ile ya mkekani nayo ihesabiwe kuwa ya kijiji, maana tunajenga taifa la watu, si la mahindi peke yake. Wapo walionung'unika, shemeji akiwa wa kwanza. Lakini wanawake wawili walianza kupita mkekani kabla ya kwenda shambani, mmoja akishika mguu huu, mwenzake ule, ili mama apate kuchota maji.

Kidole kilitikisika mvua za mwaka uliofuata. Mtoto akakaa, akasimama kwa kushika kichanja, akatembea. Mguu wa kulia haukurudi wote. Mwaka aliopanda darasani kwangu kwa miguu yake, nilimwuliza mama ni lini alijua kwamba mtoto angetembea. Akasema hakuwahi kujua. “Mwalimu, ningengoja kujua kwanza, ningeanza lini?”

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Siku hizi mashine ni nyingi, na watoto wengi wanaokolewa, tunashukuru. Ila tuna haraka ya kusema “amepona” mara tu mgonjwa anapovuka kizingiti cha hospitali, tukamwachia mama mmoja kazi iliyobaki. Tukienda kumwona mtoto aliyerudi nyumbani, tusiishie kutoa pole. Tuulize ni mguu upi haujapata nguvu, tukae mkekani, tuushike.