Mtaa wa Mama kwenye Ramani

Ofisini kwetu tulimwita Bi Desimali. Angeweza kugombana na mtu asubuhi nzima kwa ajili ya namba ya tatu baada ya nukta, kisha akala chakula chake mbele ya kompyuta, ametupa kisogo sote. Nilikaa meza ya pili kutoka kwake miaka sita, na sikumbuki hata siku moja aliyoniuliza nimeamkaje. Nasema bila kinyongo, maana nami sikumuuliza.

Kazi yake ilikuwa kukadiria joto la ardhi kwa picha za satelaiti. Ardhi haitoi joto lake kwa namna moja. Majani hulitoa karibu lote, udongo mtupu hutoa pungufu kidogo, na usipojua kila mahali panatoa kiasi gani, satelaiti itakudanganya. Nani atazunguka nchi nzima akipima? Kwa hiyo Bi Desimali alitazama ukijani kwenye picha. Penye kijani kingi aliweka namba ya majani, pasipo na kijani namba ya udongo, pa katikati akachanganya. Kisha ramani ikajipaka rangi: nyekundu penye joto, bluu penye ubaridi.

Mama yake aliishi peke yake mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, kwenye chumba cha mabati kisicho na dari. Bi Desimali alimpigia kila Ijumaa saa ya chakula, simu kaiweka spika, nasi wengine tukajifanya hatusikii.

"Humu ndani naungua, mwanangu," mama alisema Ijumaa moja. "Ungenitafutia fundi wa dari."

Bi Desimali akafungua ramani. "Mama, mtaa wenu ni bluu. Hapo kwenu ndipo penye ubaridi kuliko mji wote. Labda hunywi maji ya kutosha."

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Hakuomba dari tena. Mazungumzo yakawa mafupi: salamu, pole na kazi, kwaheri. Bi Desimali alidhani mama ametulia, na mimi mwenye masikio marefu nilidhani vivyo hivyo.

Mwaka mmoja baadaye alikuwa anahakiki ramani mpya. Akaona kiwanja cha mpira kisicho na nyasi, kando ya mtaa ule, kinawaka nyekundu, na nyumba zinazopakana nacho ni bluu tupu. Jua ni lile lile, na kati yao ni hatua kumi.

"Mabati!" akasema kwa sauti.

Mabati hayana kijani, basi hesabu yake ilikuwa imeyapa namba ya udongo. Lakini bati linalong'aa ni bahili. Huwaka moto, na kuelekea angani hutoa kidogo mno, hivyo satelaiti huona ubaridi wakati chini yake mtu anachemka. Alibadilisha namba. Mtaa wa mama yake ukawa mwekundu kuliko yote. Akachukua mkoba, akaondoka bila kuomba ruhusa.

Aliporudi alisimama mbele ya meza yangu, mara ya kwanza tangu nimjue, akanisimulia. Alimkuta mama ameketi sakafuni, amekonda, kabati liko wazi na lina gauni moja tu.

"Nguo zako ziko wapi, mama?"

"Nimezigawa."

"Kwa nini?"

Mama aliona haya. "Si ulisema hakuna joto? Nikajua basi ni mwili wangu unakwisha. Sikutaka kukutia wasiwasi, huko uliko huna mtu. Nikagawa mapema, ndugu wasije wakagombana nikishakufa."

"Joto lilikuwepo, mama. Nilikosea mimi."

"Lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

Mama akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. "Mwaka mzima nimekuwa nikiaga, mwanangu," akasema. "Peke yangu."