Njia ya Babu ya Kwenda Mnarani

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, kwenye matembezi ya darasa. Mwalimu aliuliza nani anaijua njia ya pwani ya kufika mnara wa Ras Mkumbi. Mimi, nisiyenyoosha mkono hata siku moja, nikanyoosha. Nilisema marehemu Babu alinipitisha huko mgongoni mwake nikiwa mdogo. Sikusema kwamba kila safari nilipitiwa na usingizi, nikaamka tunarudi, naye akaniambia, "Mnara tumeuona, mjukuu wangu."

Nikawaongoza wenzangu hadi njia ikaishia uani kwa mzee mmoja, amekaa mkekani mbele ya ubao wa bao.

"Shikamoo, mzee. Mnara uko wapi?"

"Marahaba. Mnara uko kule mlikotoka!" Akanikazia macho. "We si mjukuu wa Makame? Babu yako hakufika mnarani hata mara moja. Alikuwa akikulaza hapa mkekani, tukicheza bao mpaka alasiri."

Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye. Mimi niliutazama ule mkeka, nikatamani kulala tena. Siku ile tulirudi bila kuuona mnara.

Asubuhi yake Bibi akanimiminia chai. "Mnara mliuona? Babu yako alikuwa akiupenda mno."

"Tuliuona, Bibi," nikamjibu.