Damu ya Katikati ya Mwezi

Wasomaji wenzangu, haya nayasema nikiwa nimefunika uso. Mimi ni mshonaji hapa Nyakabiga, na mume wangu ni dereva anayerudi nyumbani wikendi tu. Miezi mitatu mfululizo damu ilinitoka kabla ya siku zangu kufika. Niliamini nina saratani, hata nikaanza kugawa vitenge vyangu. Mama mkwe akaniburuta hadi kliniki moja ya Kamenge, akaketi kando yangu.

Daktari akauliza, "Unatumia dawa yoyote?"

Nikainama, nikamnong'oneza, "Vidonge vya kupanga uzazi."

"Unameza kila siku?"

"Apana, Dokta. Mi nameza tu wakati bwana iko nyumbani. Akiwa njiani, nimeze ya nini?"

Daktari alicheka hadi miwani ikamteleza. "Vidonge vya kupanga uzazi vinamezwa kila siku! Ukirukaruka, damu inatoka katikati, na mimba inaweza kuingia. Tutapima mimba, na maambukizi pia."

Alisema kwa sauti kubwa. Nikageuka polepole. Mama mkwe alikuwa amesimama, macho yamemtoka.

"Vidonge?" akasema. "Na mi nafunga kila Ijumaa, nakuombea mutoto!"