Matanga ya Kaisari

Wengine hupenda kusimulia jinsi Ulaya ilivyowapokea. Mimi nitasimulia jinsi nilivyomfanyia Kaisari wa Roma matanga mbele ya darasa zima la watoto wa Kibelgiji, nikakataa kuondoka kabla ya kujibiwa. Sijaomba radhi tangu siku ile, na anayesubiri niombe asubiri amekaa, asije akachoka miguu.

Tulifika Bruseli kutoka Bukavu nikiwa na miaka kumi na mitano, nchi yetu ikiwa bado inaitwa Zaire. Papa, yaani baba yangu, alikuwa amefundisha Kilatini miaka kumi na minane katika koleji ya mapadre, na wanafunzi wake walikuwa wakisikia viatu vyake ukumbini wanakaa kimya wenyewe. Bruseli ilimpa ndoo na ufagio wa kupigia deki katika hospitali moja upande wa Woluwe. Kila asubuhi alifunga tai, akapanda metro, akafika, akaivua tai chumba cha kubadilishia nguo, akavaa koti la bluu. Maman, mama yangu, aliyekuwa akisuka nywele katika saluni moja pale Matonge, mtaa wa watu wa kwetu, alimtania kwamba Kaisari wake huyo hajawahi kuleta hata kilo ya fufu nyumbani. Papa alicheka, lakini tai hakuiacha.

Shuleni, préfet, yaani mkuu wa shule, alinipokea vizuri mno. Alitazama makaratasi yangu, akatazama mikono yangu, akamwambia papa kwamba wasichana wa kutoka kwetu wana vidole vyepesi, na kwamba upande wa kushona ungenifaa, kwa faida yangu mwenyewe. Sina ugomvi na cherehani. Nguo niliyovaa siku hiyo maman aliishona. Ugomvi wangu ni na mtu anayenitazama mikono kabla ya kuniuliza ninajua nini. Papa akasema mtoto wake atasoma Kilatini. Wakabishana kwa adabu nusu saa nzima, mwisho wakakubaliana nijaribiwe hadi Pasaka.

Bon, nikajaribiwa. Mtihani wa kwanza wa kuandika nilipata neuf sur vingt, tisa kwa ishirini, na kosa lilikuwa la papa na langu. Yeye alikuwa amenifundisha kama alivyofundishwa na mapadre: kila kitu kichwani, kamusi ni ya wavivu. Hapa kila mtoto alikuwa na kamusi nene kama tofali mezani, na mtihani ulitungwa kwa mtu mwenye tofali. Nilitoka jasho nikikumbuka, wenzangu wakifunua kurasa taratibu. Préfet akaandika barua: umebaki mtihani mmoja wa kusema mbele ya darasa, nikikosa douze sur vingt, kumi na mbili, baada ya Pasaka naenda kwenye shule ya kushona huko Molenbeek, ng'ambo ya mfereji.

Mada ziligawanywa kwa kura, na mimi nikaokota karatasi iliyoandikwa: maisha na kazi ya Kaisari. Mwalimu wetu wa Kilatini, mama mmoja mrefu aliyekaribia kustaafu, tuliyemwita Madame tu, alifurahi kwa niaba yangu. Alimpenda Kaisari. Juu ya kabati la darasa alikuwa na kichwa chake cha plasta, akikipangusa vumbi kila Jumatatu kwa leso yake mwenyewe. Alikuwa ametuambia kwamba jemadari huyo, katika makabila yote aliyopigana nayo huku kaskazini, aliwahesabu Wabelgiji kuwa mashujaa kuliko wote. Aliposema hivyo, darasa zima liliketi wima. Mimi nikajisemea moyoni kwamba anayekusifu baada ya kukupiga anajisifu mwenyewe. Nikameza, maana nilihitaji douze.

Sasa lazima nieleze kazi ya pili ya papa, ile isiyokuwa na mshahara. Kila alipofariki mtu wa kwetu Bruseli, walikuja kumtafuta papa aandike maisha ya marehemu na kuyasoma matangani, katika ukumbi wa kukodi, watu wameshika vikombe vya chai. Alikuwa na Kifaransa kizuri na sauti ya kanisani. Kwanza aliketi na wafiwa akawauliza: nani alimzaa, alisoma wapi, alishika kazi gani, wake wangapi, watoto wa ndani na wa nje, alikufa na nini. Wa nje hakuwaruka kamwe. Familia nyingine zilinuna, zikamwomba apunguze. Aliwajibu kwamba marehemu si bibi arusi, hapakwi poda.

Na alipomaliza kusoma alikunja karatasi, akasema maneno yale yale: mwenye neno na marehemu aseme sasa, tumalize. Kisha alingoja. Mara nyingi palikuwa kimya. Lakini mara nyingine mtu alisimama nyuma kabisa, akasema marehemu alinifanyia hivi na hivi, na hapo mkubwa wa familia alipaswa kusimama na kumjibu mbele ya wote. Pasipo jibu, matanga hayafungwi. Niliwahi kuona watu wamekaa hadi chai ikaisha na sukari ikaisha, wanangoja mzee mmoja aseme tu ndiyo, alikukosea.

Mimi sikuwa nimesikia maisha ya mtu yakisimuliwa namna nyingine. Nilidhani dunia nzima husimulia hivyo. Ndilo kosa langu, kama mnataka kuliita kosa.

Jumapili mchana, baada ya misa, papa na mimi tulikaa jikoni. Nilichukua daftari nikamhoji kama yeye alivyowahoji wajane. Nani alimzaa? Ukoo mkubwa, mfuko mdogo. Wake wangapi? Trois, watatu, akasema papa, na malkia wa Misri pembeni. Watoto? Binti mmoja wa ndoa, aliyekufa akijifungua. Na mvulana wa yule malkia, ambaye baba hakumwandika katika wosia. Maman akasema kutoka kwenye sufuria kwamba huyo ana ndugu zake wengi Kinshasa. Papa alicheka mpaka akavua miwani. Akanisimulia maharamia waliomteka Kaisari kijana, naye akacheka nao, akawaahidi atawasulubisha, akaachiwa, akarudi akawasulubisha kweli. Akanisimulia mto mdogo ambao sheria ilikataza jemadari kuuvuka na jeshi, naye akauvuka. Uchovu wa juma zima ulimtoka usoni, nikamwona tena yule mwalimu wa Bukavu.

Tukafika kwenye vita vya huku, nchi hii hii tuliyokuwa tunakula viazi vyake. Papa akaeleza kuhusu mji mmoja uliojisalimisha, kisha ukajaribu kupigana tena, na Kaisari akawauza watu wote waliokuwamo, wazee kwa watoto, kwa wafanyabiashara waliokuwa wakifuata jeshi. Akaisema habari hiyo kwa Kilatini kwanza, kwa raha, kama mtu anayeimba. Halafu akaisema kwa Kiswahili, na katikati akanyamaza.

Nikamuuliza kwa nini Madame hajatuambia hilo. Papa akasugua meza kwa kidole, mahali ambapo hapakuwa na doa.

"Na mimi pia sikubaambiaka banafunzi bangu," akasema. "Miaka dix-huit. Nilikuwa nabaambia tu batafute verbe iko wapi."

Iliniuma kumsikia. Nikamuuliza kama niuweke ule mji katika maisha ya marehemu, maana Madame hatapenda, na mimi nahitaji douze. Akanirudishia kalamu mkononi.

"Uuweke. Kama banakufukuza, bakufukuze juu ya kweli, hapana juu ya woga."

Siku ilipofika nilisimama mbele, mikono nyuma, mgongo umenyooka kama tulivyofunzwa kwetu. Nikaanza kwa Kifaransa kama papa anavyoanza: familia, marafiki, na ninyi mliotoka mbali. Wakaangua kicheko. Wacheke, nikasema moyoni, matangani pia watoto hucheka mwanzo. Nikamtaja aliyemzaa, nikataja shule zake, vyeo vyake, wake zake mmoja mmoja, yule malkia na yule mvulana. Wakaacha kucheka, wakaanza kusikiliza. Nikasema alichaguliwa kutawala maisha yake yote, na kwamba maisha hayo hayakufika mbali, kwa sababu aliuawa kwa visu katika kikao, na wengine walioshika visu alikuwa amewasamehe na kuwapa kazi. Nikasema alikufa na hilo. Kisha nikarudi nyuma nikautaja mji, na watu wake, na wanunuzi.

Nikakunja karatasi. "Mwenye neno na marehemu aseme sasa, tumalize."

Madame akasema asante, inatosha, keti. Nilijua kabisa kwamba nikiketi hapo douze naipata, niliiona usoni mwake. Lakini nilikuwa nimeuliza, na hakuna aliyejibu, na damu yangu ikachemka.

"Siwezi kuketi, Madame, matanga hayajafungwa," nikasema. "Kama hakuna mwenye neno, nitawasemea waliouzwa. Ni babu zenu, si zangu. Aliyewauza ninyi mmemweka juu ya kabati. Aliyetutesa sisi, mfalme wenu wa zamani, mmemweka juu ya farasi wa shaba, hapo karibu na Porte de Namur, napita chini yake nikienda kununua mihogo. Mkubwa wa familia ni nani hapa, anijibu?"

Hakuna aliyecheka. Kengele ikalia, wakatoka wakinipitia kando kama ndoo ya maji machafu. Madame alibaki ameshika kalamu. Sikumwomba kitu.

Nilipata onze sur vingt, kumi na moja. Chini yake, kwa wino mwekundu: yaliombwa maisha, haikuombwa hukumu. Moja tu. Ningefunga mdomo dakika mbili, ningeipata. Nililia njia nzima hadi nyumbani, na si kwa majuto, kwa hasira, maana nilijua kwamba wangenirudisha pale mbele ningesema tena. Siku ya tatu ikafika barua ya préfet: Jumatatu baada ya likizo ya Pasaka, saa mbili, Molenbeek, nije na mkasi wangu.

Papa aliisoma barua akiwa bado ananuka dawa ya sakafu. Maman alitaka aende kumbembeleza mkuu, avae ile tai. Papa akakataa. Alisema mtu aliyeuliza neno matangani haendi kuomba msamaha kabla ya kujibiwa, ni kinyume. Jumatatu asubuhi akanipa nauli ya metro. Hakuuliza ninaelekea upande gani.

Nilikwenda Kilatini. Niliketi mahali pangu, dawati la pili dirishani, nikatoa daftari. Dakika kumi hazikupita, préfet akaingia na karatasi yake, akasema mbele ya wote kwamba mahali pangu si hapa. Nikasimama, kwa sababu kwetu mkubwa akiingia unasimama, nikamwambia nangoja jibu. Akauliza jibu gani. Akamgeukia Madame, amwambie mwanafunzi huyu akusanye vitu vyake.

Madame alikuwa kwenye kabati, leso mkononi. Ilikuwa Jumatatu. Alikitazama kichwa cha plasta, akaikunja leso bila kupangusa, akairudisha mfukoni.

"Aliniuliza swali darasani kwangu," akasema. "Likizo nzima nimetafuta jibu, sijalipata. Katika darasa langu mwanafunzi haondoki na swali lake. Aketi."

Préfet akasema mambo hayo yatazungumzwa mwezi wa Juni, mwaka wa shule ukiisha. Madame akasema vizuri, Juni. Préfet alipotoka na kufunga mlango nikaketi. Msidhani Madame alinipenda tangu hapo. Alininunulia kamusi ya mitumba na kunikata alama bila huruma kila nilipoifungua vibaya. Hatukuwahi kuzungumza tena habari ya ule mji, na vumbi lilikaa juu ya Kaisari hadi mwisho wa mwaka.

Jioni papa aliporudi nilimngoja mlangoni nimsimulie yote, préfet, leso, Juni. Alisikiliza akivua viatu. Nilitaka afurahi, nilitaka aniambie nimeshinda. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Na balikujibu?"

"Hapana, papa."

"Bon. Basi ukae mpaka bakujibu."

Nimekaa.