Raha Kumi za Mwanafunzi Asiye na Kitu

Nje ya geti la chuo, kwenye kibanda cha mabati chenye mashine moja ya fotokopi na kiti cha miguu mitatu kilichozaliwa na minne, alikaa bwana mmoja aliyesoma kuliko mtu yeyote mjini. Ukimuuliza, atakwambia mwenyewe. Usipomuuliza, atakwambia mapema zaidi. Sheria alisoma. Uhandisi alisoma. Magonjwa ya ng'ombe aliyasoma mara tatu, maana mwanafunzi mwenye kazi ile alirudishwa mara tatu kufanya masahihisho. Kila kilichoandikwa chuoni kwa miaka kumi na tisa kilipita mikononi mwake, naye mashine ikinguruma alidokoa ukurasa huu, akadokoa na ule, bila mpangilio wowote. Shule yenyewe aliiacha kidato cha pili, lakini hilo halikuwa jambo la kutangazia watu. Wanafunzi walimwita Profesa. Wao walikuwa wanamkejeli, yeye akaitika.

Mashine yake ilikuwa na tabia moja mbaya: ilikula mstari wa mwisho. Ukiipa karatasi ilikurudishia kila kitu isipokuwa mstari wa chini kabisa, ambao iliukata kiunoni, herufi zikabaki vichwa bila miguu. Fundi aliitwa mara mbili. Mara zote alikuja, akaitazama, akanywa chai, akaondoka. Wanafunzi wazoefu walijua kuacha nafasi chini ya ukurasa. Mgeni akija kulalamika, Profesa alikunja mikono kifuani na kumwambia, "Mwenye akili mpaka hapo keshaelewa. Mstari wa mwisho ni wa wazito."

Mwaka huo binti wa dada yake alipata nafasi katika chuo hicho. Baba wa binti alitaka asome karibu na nyumbani, na vita vya nyumba ile vilipiganwa wiki nzima mpaka mama akashinda. Akampigia simu kaka yake.

"Kaka, huyu mtoto nimempigania. Nimemwambia baba yake kwamba mjomba wake yuko pale. Usije ukaniangusha."

"Dada, mji huu naujua nje ndani," alijibu Profesa. "Niachie mimi. Baada ya mwezi mmoja mtoto atasahau hata njia ya kurudi kwenu."

Mwezi wa pili ulipofika, mtoto alikuwa anaikumbuka njia vizuri sana. Kila mchana alikuja kibandani, akakaa juu ya katoni la karatasi na kuwatazama wenzake wakipita makundi makundi. Alhamisi moja akasema, bila hata kuinua macho, "Mjomba, Jumapili narudi nyumbani. Begi nimeshafunga."

Profesa akaizima mashine, jambo ambalo hakulifanya hata siku kibanda kilipovuja. "Masomo yamekushinda?"

"Masomo hayana shida. Shida ni Jumamosi."

"Jumamosi imekufanya nini?"

"Haiishi. Wenzangu chumbani wana pesa za kwenda huku na kule. Mimi nalala natazama dari. Misumari ya dari nimeshaihesabu, mjomba. Iko sitini na miwili. Jumamosi iliyopita nikaihesabu tena nione kama kuna ulioongezeka."

Profesa akaona picha kichwani. Alimwona dada yake ameshika simu, na shemeji nyuma yake ametulia kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini mdomo wa Profesa haukuzoea kunyamaza, hasa unapokuwa hauna la kusema.

"Eti Jumamosi!" alisema. "Mji huu una raha za bure mpaka zinamwagika njiani. Kosa lako hukumuuliza mwenye mji."

"Raha zipi?"

"Ni nyingi. Subiri kesho nikupe kwa maandishi."

Hapa lazima nimuumbue kidogo. Kwa miaka kumi na tisa Jumamosi za Profesa zilikwenda kwa kutoa kopi, na Jumapili zake kwa kufua mashati mawili na kuyasubiri yakauke. Raha alizozijua mjini ni zile alizozitolea kopi. Matangazo yote ya wanafunzi yalipita kwake, na yaliyoharibika hakuyatupa: aliyaweka katika katoni chini ya meza, ya kufutia wino. Basi jioni ile alilivuta katoni na kuanza kuchambua. Sinema ya bure ukumbini! Bustani ya maua, kiingilio hakuna! Bwawa la kuogelea, wanafunzi bure kila Jumamosi saa nane! Aliandika huku akijipongeza kwa sauti. Wala haikumpitia akilini kwamba watu wa matangazo huandika tarehe na mwaka chini kabisa, na kwamba karatasi zile ziliitwa mbovu kwa sababu hiyo moja: mstari wa tarehe ulikuwa umeliwa na mashine. Raha nyingine humo ndani zilikuwa na umri wa kuoa.

Alipomaliza akaipa kazi yake jina, *Raha Kumi za Mwanafunzi Asiye na Kitu*, na chini akaandika kwa madaha: *Imetungwa na Profesa, bingwa wa starehe mjini.* Akaona ni uchoyo kumpa mpwa wake peke yake elimu kubwa kama ile. Akatoa kopi hamsini. Ijumaa asubuhi, kabla chuo hakijaamka vizuri, alikuwa ameshazibandika kwenye mbao zote za matangazo.

"Kesho tunazunguka wote," alimwambia mpwa wake. "Jua likizama hujacheka, begi nitalibeba mwenyewe mpaka stendi, na mama yako nitampigia mimi."

"Utalibeba kichwani?"

"Kichwani."

"Haya," alisema binti. "Ni zito lakini, mjomba. Nimeweka na vitabu."

Jumamosi Profesa alivaa suruali yake ya heshima, na ndani yake akavaa kaptula ya kuogelea aliyoinunua ujanani na ambayo haijawahi kuonja maji. Kuogelea hakujua. Alijua nadharia: aliwahi kutoa kopi ya kitabu kizima.

Sinema ilikuwa saa tatu. Walipofika ukumbini walikuta mlango una kufuli, na stookipa, mtunza vitu vya ukumbi, amekaa kivulini anamenya karanga.

"Tumekuja sinema," alisema Profesa, kifua mbele.

"Sinema gani?"

"Ya bure. Ya wanafunzi."

Stookipa aliwatazama kwa huruma. "Mzee, sinema ilikufa mwaka niliooa. Mwanangu wa kwanza sasa ananiazima wembe. Humu mna viti vibovu tu. Mkitaka kuvitazama nitawafungulia, navyo ni bure."

Mpwa alimgeukia mjomba wake. Profesa akakohoa. "Sinema inaharibu macho. Twende bustanini."

Bustani ya maua walitembea nusu saa kuifikia. Waliikuta imekuwa mahali pa kuoshea magari. Profesa alisimama akitafuta maua, akijua kabisa hayapo, kama mtu anayepapasa mfuko uleule mara ya nne. Kijana mmoja mwenye ndoo akadhani ni dereva, akamwuliza, "Lako lipi, mzee? Ndani tuoshe pia?"

"La kwangu liko njiani," alijibu Profesa.

Mpwa wake alikaa kwenye ukingo wa barabara, akavua kiatu, akakung'uta kokoto. "Mjomba," alisema taratibu, "tangu lini hujafika hapa?"

"Mimi? Mbona juzi tu."

"Juzi ya lini?"

Profesa alijifanya anasoma karatasi yake. Ikambidi aisome kweli, na kwa mara ya kwanza akaona alichokuwa hakioni. Chini, pale alipoweka jina lake kwa madaha, palikuwa na safu ya vichwa vya herufi visivyo na miguu. Akakumbuka karatasi zote za ndani ya lile katoni, jinsi kila moja ilivyokatika palepale. Angekuwa na akili angekiri hapohapo. Lakini bwawa lilikuwa limebaki, saa nane ilikuwa inakaribia, na begi kule hosteli lilikuwa na vitabu.

Wakaenda. Mlango wa bwawa ulikuwa wazi, na Profesa akasikia sauti za watu. Roho ikamrudi. "Unasikia?" alisema kwa kishindo. "Unasikia raha hiyo?"

Ilikuwa sauti ya watu wanaotukana. Bwawa lilikuwa kavu. Vigae vya buluu vilikuwa vimepasuka hapa na pale, na upande wa kina kirefu mtunza bwawa, mzee mwenye mabuti ya mpira, alikuwa amemwaga maji ya sabuni anasugua sakafu peke yake. Ukingoni walikaa wanafunzi kumi na mmoja, kila mmoja na taulo begani na karatasi mkononi.

"Nanyi mmeliwa?" aliuliza mwanafunzi mmoja mrefu kama nguzo ya simu. "Karibuni mkae. Mimi nimeanzia kwenye sinema."

"Mimi bustanini," alisema binti mwenye miwani. "Nimeulizwa gari langu liko wapi."

"Aliyeandika hii achapwe!"

"Achapwe hadharani!"

Profesa alitazama kushoto na kulia, akaona usalama ni kujiunga na wengi. "Kweli kabisa," alisema kwa uchungu. "Watu wengine hawana haya. Mtu mzima anakaa, anaandika uongo, anatoa kopi..."

"Umejuaje ni mtu mzima?" aliuliza Mrefu.

"Mwandiko. Ni wa mtu mzima."

Mpwa wake aligeuka kutazama pembeni. Lakini Profesa alimwona anajiuma mdomo wa chini, na mabega yameanza kumcheza.

Mrefu aliigeuza karatasi, akaisogeza karibu na uso, kisha akaishusha polepole. "Ngojeni," alisema. "Tazameni hapa chini. Mstari wa mwisho uko wapi?"

Karatasi kumi na moja zikainuliwa kwa pamoja. Hakuna mwanafunzi wa chuo kile ambaye hakuwahi kuibiwa mstari wa mwisho, na wote walimjua mwizi anakaa wapi. Vichwa kumi na kimoja vikageuka.

"Profesa!"

Hapo ndipo mpwa wake alipopasuka. Alicheka akainama, akacheka akakaa chini, akajaribu kusema "kuchapwa hadharani" ikamshinda, akaanza upya. Hata mtunza bwawa aliacha kusugua ili amtazame.

"Jamani, ni kwa nia njema," alijitetea Profesa. "Ni huyu mpwa wangu. Anataka kuondoka kesho, na mimi nimemwahidi mama yake..."

"Hukumu kwanza!" alisema Mrefu. "Umetuita kuogelea?"

"Nimewaita."

"Basi ogelea."

"Bila maji?"

"Bila maji."

Profesa angeweza kukimbia. Lakini alimtazama mpwa wake, aliyekuwa anafuta machozi na kuuliza, "Kwani kuogelea unajua, mjomba?" na kichwa kikamvimba palepale.

"Unamuuliza nani?" alisema akifungua mkanda. "Kitabu kizima nimekisoma!"

Kaptula ya ujanani ilipoonekana, kelele zilizopigwa ziliwarusha njiwa juu ya paa. Profesa alishuka upande wa kina kifupi, akalala kifudifudi juu ya vigae, akaanza kupiga mikono. Alionyesha mtindo wa chura. Akaonyesha mtindo wa mgongo. Akatoa na maelezo, akataja kurasa. Na alipokuwa katikati, anapumua kwa ubavu kama kitabu kilivyoagiza, akafika pale sakafu inapoanza kuteremka, mahali penye sabuni ya mzee.

Aliondoka kama kipande cha sabuni kinavyoponyoka bafuni. Alitangulia kichwa, akageuka, akatangulia miguu, akapita katikati ya mabuti ya mtunza bwawa na kuchukua fagio lake, akaenda kutua ukutani chini kabisa, kaptula imechanika na heshima vilevile.

Kisha mpwa wake akaita kutoka juu, "Mjomba, uko mzima?"

"Niko mzima!" ilipaa sauti kutoka shimoni. "Ndivyo inavyofanywa!"

Kufumba na kufumbua binti alikuwa ameshakalia taulo lake, anateremka anapiga mayowe. Nyuma yake Mrefu, nyuma ya Mrefu binti mwenye miwani, miwani mkononi. Baada ya robo saa walikuwa na timu mbili, mstari wa kuanzia, na mwamuzi, ambaye alikuwa mtunza bwawa, kwa sababu ndiye mwenye mabuti. Mzee alijaribu kuwafukuza mara moja. Kisha akaona wanavyoteleza na mataulo vigae vinang'aa, kazi ambayo angeifanya wiki nzima, akaongeza ndoo nyingine ya sabuni.

"Jumamosi ijayo mje na mifagio," aliwaambia walipokuwa wanaondoka, wamelowa, kila mtu anamsukuma mwenzake. "Sabuni ninayo."

Walirudi kabla jua halijazama. Mpwa alitembea mbele na wenzake. Profesa alifuata nyuma amejifunga taulo kiunoni, suruali ya heshima mkononi maana makalio yalimuuma, akijipigia hesabu ya mambo ya kumwambia dada yake. Binti alikuwa amecheka, hilo halina ubishi. Lakini kubaki hakusema, na Profesa, ambaye huuliza kila kitu, aliogopa kuuliza.

Jumapili asubuhi alijikongoja mpaka geti la hosteli ili alibebe begi, maana ahadi ni ahadi. Alisimama. Kukaa asingeweza hata angepewa kiti cha miguu minne. Alisimama saa nzima, na mlinzi akamwonea huruma asijue ni ya nini. Mpwa hakutoka. Basi la saa nne likapiga honi kule stendi na kuondoka. Profesa akapiga moyo konde, akarudi kibandani, ingawa Jumapili hakufungua.

Binti alikuwa huko anamngoja mlangoni, amekaa juu ya katoni tupu, karatasi moja mkononi. "Ulikuwa wapi, mjomba? Mteja amekuja, wewe hupo. Nitolee kopi thelathini."

Profesa alitaka kusema jambo kubwa, jambo la kisomi. Akaiwasha mashine kwanza. Akaipokea karatasi, akaiweka kwenye mashine, akasoma wakati inanguruma, kama desturi yake:

*JUMAMOSI HII SAA NANE. Kuogelea bila maji. Bure. Njoo na fagio na taulo usilolipenda. Mwalimu wetu ni Profesa, akipona.*

Siku na saa ameziandika juu kabisa. Na chini kabisa, pale mashine inapokula, hakuandika kitu.