Mjapani Niliyempa Ukoo

Nilimwambia shangazi ya mchumba wangu kwamba Mjapani aliyekuwa kwa ukuta wangu ni bibi ya mjomba yangu. Aibu yenyewe ndiyo hiyo. Wacha niitoe kwanza tumalizane nayo.

Ilikuwa miaka ya tisini, huko Roret. Kazi yangu ilikuwa kupakia magunia ya majani chai kwa lori. Shule niliiacha kidato cha pili, ama iliniacha yenyewe, sijui nani alianza. Sasa bibi ya meneja mmoja wa chai alikuwa anarudi kwao ng'ambo, akauza vitu vya nyumba. Nilienda kutafuta sufuria. Zikaisha nikiwa bado kwa laini, nikarudi na picha: mwanamke mweupe kama unga, nywele zimepandishwa juu zikadungwa vijiti, anaangalia kando kama mtu ameitwa na hataki kuitika. Ni picha ya zamani ya Japani iliyochapishwa tena kwa turubai, na fremu nyeusi. Nikaitundika sebuleni, nikajiona nimekuwa mtu.

Kile sikufikiria ni kwamba kwetu, uso ukiwa ndani ya fremu, huyo ni mtu wenu. Fremu ni ya nyanya, ya harusi, ya marehemu. Nani atamwekea fremu mtu hamjui?

Shangazi alikuja kuangalia boma kabla ya koito, ile siku wazee wanakaa kuongea mahari. Akikataa, hakuna koito na hakuna bibi. Rafiki yangu wa kazi ya lori alikuja pia, nionekane nina watu.

Shangazi alishika kikombe cha chai, akasimama mbele ya picha.

"Huyu ni nani wenu?"

"Bibi ya mjomba."

"Mweupe hivi?"

"Siku hiyo jua ilikuwa kali."

"Na vijiti?"

"Alikuwa anasukwa, hawakuwa wamemaliza."

Rafiki yangu aliangalia chini, ndani ya kikombe.

"Ametoka ukoo gani?"

Wiki yote nilikuwa nakariri mambo ya koito, kwa hivyo ukoo wa kwanza kutoka mdomoni ulikuwa wa shangazi mwenyewe. Akaweka kikombe chini polepole.

"Basi ni dada yetu. Koito ingoje, wazee wajue kwanza tumeshikana undugu wapi. Anakaa wapi?"

"Kapkatet."

"Ni njiani. Nitapita nimsalimu." Akachukua mkoba wake.

Nikaona bibi niliyetaka kuoa anatoka mlangoni ndani ya huo mkoba.

"Mama, huyo mimi simjui. Ni Mjapani."

"Na mjomba yako?"

"Hana habari."

Alikaa tena, akasukuma kikombe mbele kiongezwe.

"Nilijua kwa vijiti. Nilitaka kuona utafika wapi. Kijana anadanganya vibaya hivi hawezi kumficha msichana wetu kitu. Wazee waje. Lakini huyo mtoe hapo, wasianze kumuuliza ukoo tena."

Koito ikakaliwa. Mjapani alikaa nyuma ya kabati, akiangalia kando vilevile.

Jioni ya ile siku shangazi alikuja, nilimsindikiza rafiki yangu mpaka barabarani. Tulipofika kwa lami akasimama, akanigeukia.

"Lakini wewe, si ungesema tu ni picha ya kalenda imeisha?"